Sare Si Jezi: Kama KDF Wanataka Wachezaji, Waseme Wazi

Wadau, kuna sentensi moja mtaani kwetu inauzwa kuliko leso: "Piga mpira mwanangu, jeshi litakuchukua." Utaisikia kwa kocha, utaisikia kwa mjomba, utaisikia kwa mzee anayekunywa kahawa kibarazani ambaye maisha yake yote hajaingia kambi yoyote. Na shida yake si kwamba ni uongo. Shida ni kwamba ni kweli nusu, na hiyo nusu ndiyo inayokula miaka ya watu.

Msimamo wangu nauweka hapa juu, usije ukasema nimekuzungusha. Jeshi na polisi wa Kenya wanachukua wanamichezo, wamefanya hivyo toka zamani, na mimi naona ni sawa kabisa. Kisicho sawa ni kwamba mlango huo hauna bango. Hakuna palipoandikwa nafasi ni ngapi, ni za mchezo gani, majaribio yako wapi, na ukishaingia unaingia kama nani. Mlango usio na bango hujaa madalali. Na sisi wa Pwani tuko mbali nao kuliko wengine, ingawa kambi ya wanamaji iko Mtongwe, ng'ambo ya maji tu.

Ukweli upo, tusidanganyane

Anza na majina unayoyajua. Kipchoge Keino, dhahabu ya mita 1500 kule Mexico 1968, alikuwa polisi. David Rudisha alipokimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012, rekodi ya dunia, alikuwa polisi. Julius Yego, bingwa wa dunia wa mkuki 2015, polisi pia. Hellen Obiri, bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 2017 na 2019, aliyekuja kushinda Boston Marathon 2023 na 2024, ametokea KDF.

Halafu kuna Paul Tergat. Bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo, 1995 hadi 1999, na mwaka 2003 akavunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin kwa 2:04:55. Tergat alikuwa mwanajeshi wa anga, na yeye ni mfano mzuri kwa sababu jeshi halikumkuta akiwa staa. Aliingia kwanza, kukimbia kwa maana kukaja baadaye. Yaani jeshi lilimtengeneza.

Hata mashindano ya riadha ya kitaifa ukiyaangalia, utaona KDF, Polisi na Magereza wanaingia kama timu kamili, wanashindana na timu za maeneo ya nchi. Hii si siri. Ni mfumo, una miaka mingi, na umeiletea nchi medali.

Kwenye mpira ni vilevile. Ulinzi Stars ilianzishwa 1995 na ikachukua ligi ya Kenya mara nne: 2003, 2004, 2005 na 2010. Sasa sikiliza hapa, manake hapa ndipo injini ilipo: wachezaji wa Ulinzi ni wanajeshi. Timu nyingine ikitaka mshambuliaji, inaenda sokoni, inanunua, hata kutoka nje ya nchi. Ulinzi haiwezi kufanya hivyo. Ikitaka winga, huyo winga lazima awe Mkenya, aajiriwe kama askari, apite mafunzo ya askari, ndio avae jezi. Kwa hivyo mtu anayetafuta wachezaji wa timu kama hiyo anatafuta mwanajeshi pia. Usajili wa mpira na usajili wa jeshi unakuwa kitu kimoja.

Na si Kenya peke yake. Rwanda kuna APR, timu ya jeshi, imejaza kabati la makombe. Tanzania kuna JKT na Mashujaa, na Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 alikuwa mwanajeshi wa Tanzania. Hapo Unguja tu kuna KMKM, kikosi cha kuzuia magendo baharini, na kina timu ya mpira inayojulikana visiwa vizima. Kwa hivyo mjomba wako akisema michezo inaingiza watu jeshini, hajakosea. Ila amekuonyesha mlango tu, hajakwambia ndani kuna nini.

Milango ni miwili

KDF wanapotangaza nafasi, watu wengi huona tangazo moja tu kichwani: "jeshi linaajiri". Lakini soma vizuri. Kuna mlango wa kadeti, yaani anayekwenda kusomea uafisa katika chuo cha jeshi kule Lanet, Nakuru. Na kuna mlango wa kurutu, yaani anayekwenda kufunzwa uaskari katika shule ya makurutu kule Eldoret.

Kwenye matangazo ya miaka ya karibuni, kadeti ametakiwa awe na wastani wa B ya kawaida kwenye KCSE, pamoja na alama nzuri za masomo kama Hisabati na Kiingereza. Kurutu wa kawaida ametakiwa D ya kawaida. Umri kwa wote wawili ni miaka 18 hadi 26. Urefu usipungue mita 1.60. Uzito usipungue kilo 54.55 kwa wanaume na kilo 50 kwa wanawake. Kadeti anatuma maombi kwa mtandao na kusubiri jina lake litoke kwenye orodha. Kurutu anajipeleka mwenyewe uwanjani siku ya usajili, na vyeti vyake mkononi, anakimbizwa, anapimwa, anakaguliwa mpaka meno.

B na D. Hapo katikati pana maisha mawili tofauti. Mmoja anatoka na cheo cha afisa, anapewa watu wa kuwaongoza akiwa na miaka ishirini na kitu. Mwingine anaanza chini kabisa. Sisemi uaskari ni kazi ya aibu, hasha, ni kazi ya heshima na nyumba ngapi hapa zimejengwa na mshahara huo. Na askari anaweza kupanda. Wapo wanariadha waliopandishwa vyeo baada ya medali. Ninachosema ni kwamba ule mlango wa michezo unaosifiwa mtaani ni wa Eldoret. Kwa Lanet sijawahi kusikia winga aliyepunguziwa gredi kwa sababu ya krosi zake.

Na hili hakuna anayelisema. Kijana wa kidato cha tatu anaambiwa aache twisheni aende mazoezini kwa sababu "jeshi linataka miguu, halitaki karatasi". Kumbe kwa kuacha karatasi amejifungia mlango mmoja kabla hata hajafika uwanjani. Mimi niliacha chuo kikuu, kwa hivyo mimi ndiye mtu wa mwisho kuja hapa kukuhubiria vyeti. Lakini gredi ya KCSE si cheti cha kutundika ukutani. Kwa jeshi, hiyo ndiyo inayoamua utasimama upande gani wa saluti.

Wenzetu wameandika, ndio maana wanaweza kubishana

Sasa linganisha na Marekani. Wao wana vyuo vya maafisa: West Point kwa jeshi la nchi kavu, Annapolis kwa wanamaji, na kile cha jeshi la anga kule Colorado. Vyuo hivi vina timu kubwa za michezo, na mechi ya Army na Navy imekuwa ikichezwa toka 1890. Makocha wao wanazunguka shule za sekondari kutafuta vijana, waziwazi, kama chuo kingine chochote kinavyotafuta wachezaji. Na wanawatafuta kwa ajili ya chuo cha maafisa.

Kijana ana miguu lakini alama zake zimepungua kidogo? Kuna shule za maandalizi. Anapelekwa mwaka mmoja, anafundishwa Hisabati na Kiingereza, akifaulu ndio anaingia chuoni. Akimaliza chuo, anatumikia jeshi angalau miaka mitano. Mpira umemfikisha mlangoni, lakini ndani anasoma na kutumikia kama wengine.

Matunda yake? Roger Staubach alicheza mpira wa Kimarekani akiwa Annapolis, akatajwa mchezaji bora wa vyuo 1963, akaenda kutumikia Vietnam, kisha ndio akawa nyota wa Dallas Cowboys. David Robinson, yule wa mpira wa kikapu, aliingia Annapolis, akiwa huko akarefuka mpaka futi 7, mrefu kupita kiasi kwa manowari. Akahitimu 1987, akachaguliwa wa kwanza NBA mwaka huohuo, lakini akatumikia wanamaji miaka miwili kwanza kabla ya kuanza kuchezea San Antonio Spurs 1989.

Je, kule hakuna malalamiko? Yako tele. Kuna wanaosema nafasi ya mtu mwenye akili amepewa mtu mwenye misuli, na kwamba jeshi si klabu. Ni hoja nzito. Lakini angalia: wanaweza kubishana kwa sababu jambo lenyewe liko mezani. Sisi huku tunabishana na uvumi.

Na kama unadhani haya ni ya Wazungu, basi sikia hili. Olimpiki ya Rio 2016, fedha ya mita 5000 ilikwenda kwa Paul Chelimo. Kijana aliyezaliwa Kenya, aliyekwenda Marekani kusoma kwa ufadhili wa kukimbia, akajiunga na jeshi la Marekani kupitia njia iliyokuwa wazi kwa wageni, akaingia kwenye kikosi maalum cha wanajeshi wanariadha. Pamoja naye Rio walikuwako Shadrack Kipchirchir, Leonard Korir na Hillary Bor, wote wazaliwa wa Kenya, wote wa jeshi la Marekani. Wakenya wanne, jezi ya Marekani, Olimpiki moja. Nchi nyingine iliandika masharti, wao wakayasoma, wakayatimiza.

Biashara Street hatukimbii nyika

Tuje nyumbani. Mimi video zangu nyingi narekodi Biashara Street. Ukitoka Digo Road ukaingia mle, unajua mwenyewe: leso zimetundikwa mpaka zinakugusa usoni, mafundi wa kupinda leso wako na charahani zao vibarazani, akina mama wanabishana bei, na katikati yao vijana wanasukuma mikokoteni ya mabelo. Waangalie vizuri hao vijana. Nusu yao jioni wako uwanjani. Makadara, Serani, popote penye nafasi na magoli mawili. Kuna mmoja huwa namuuliza kwa nini asitulie dukani akajifunza biashara, ananijibu, "Bro, mimi nasubiri jeshi." Umri wake miaka 23. Anasubiri toka alipomaliza shule. Mamake anauza maandazi asubuhi, na yeye pia anasubiri, manake ameshaambiwa mwanawe ana kipaji.

Anasubiri nini hasa? Ukimuuliza majaribio yako wapi, hajui. Ukimuuliza timu gani itamtazama, hajui. Ukimuuliza nani alimwambia, anasema "kocha anajuana na mtu". Hilo neno, "anajuana na mtu", ndilo bango la pekee lililoko kwenye mlango huu.

Na huyu si mvivu. Asubuhi anabeba mabelo, jioni anakimbia kilomita zake. Shida ni kwamba macho ya watafuta vipaji hayaji anakocheza. Wanaotafuta wakimbiaji wanajua pa kwenda: Iten, Eldoret, Kericho, mbio za nyika za shule. Ni haki yao, dhahabu inachimbwa penye dhahabu. Lakini kwa mpira, kwa kikapu, kwa mchezo wowote wa majini, kwa nini ramani iwe ileile? Uwanja mkubwa wa Mombasa wenyewe ulifungwa kwa ukarabati miaka na miaka, kizazi kizima cha wachezaji kikakua bila jukwaa. Mashindano makali ya huku yanachezwa usiku wa Ramadhani mitaani, na sidhani kama kuna kanali anayekaa pale na daftari.

Halafu jambo linaloniudhi kuliko yote: maji. Sisi ni watu wa bahari. Nenda nyuma ya Fort Jesus siku ya jua uone watoto wanavyoruka. Nenda Lamu wakati wa tamasha la utamaduni, kuna mashindano ya kuogelea na mashua, na watu wazima wanashindana kwa dhati. Kenya ina jeshi la wanamaji toka Desemba 1964, na makao yake yako hapa hapa Mombasa. Lakini kipimo kinachojulikana na kila kijana wa nchi hii cha kuingia KDF ni kukimbia. Kijana aliyekulia ukingoni mwa maji, anayejua mkondo na upepo, akifika uwanjani anapimwa kwa kitu kimoja na kijana aliyekulia Uasin Gishu kwenye hewa nyepesi. Halafu tunashangaa nani anashinda.

Na usidhani kuogelea ni mchezo wa hoteli. Baraza la kimataifa la michezo ya majeshi, CISM, lipo toka 1948, na moja ya mashindano yake ni ya wanamaji, yenye vipengele vitano: kuvuka vikwazo, kuogelea kwa kuokoa mtu, kuogelea na vifaa, ubaharia, na mbio za nchi kavu na majini pamoja. Soma tena hiyo orodha. Hizo ndizo jioni za mtoto wa Mji wa Kale, ila yeye hajaambiwa kwamba ni mchezo wa kijeshi unaotambulika duniani.

Giza ndilo duka la matapeli

Kila msimu wa usajili ukikaribia, simu zinaanza kuita. Kuna mtu ana barua. Kuna mtu ana "nafasi mbili za michezo" zimebaki. Kuna mtu anataka "kitu kidogo" ambacho si kidogo hata kidogo. KDF wenyewe kila mwaka wanatangaza kwamba usajili ni bure na kwamba anayetoa na anayepokea wote watashikwa, na kuna waliofika kambini na barua feki wakaishia mikononi mwa askari. Bado watu wanatoa. Kwa nini?

Kwa sababu stori ya tapeli inaingia akilini. Tapeli wa kawaida akikwambia "nitakuingiza jeshi", unaweza kumshuku. Lakini tapeli akija mazoezini, akamtazama kijana wako akicheza, akasema "huyu namtaka kwa timu, kuna nafasi za wachezaji hazitangazwi", utamkatalia vipi? Unajua kweli wachezaji huchukuliwa. Unajua kweli hazitangazwi. Ukweli wenyewe umemtengenezea uongo wake. Mama anauza dhahabu yake, mzee anakopa kwenye chama, na tapeli anabadilisha laini.

Nimesoma matangazo ya usajili zaidi ya mara moja. Umri nimeuona, urefu nimeuona, gredi nimeziona, kitambulisho na vyeti nimeviona. Jedwali la kusema "michezo: mpira nafasi hizi, kikapu nafasi hizi, kuogelea nafasi hizi, majaribio tarehe fulani mahali fulani" sijaliona. Hilo jedwali likiwepo, tapeli hana cha kuuza. Mama wa maandazi atafungua gazeti, au atamwambia mwanawe amsomee kwenye simu, aone mwenyewe kama hiyo nafasi ipo au haipo.

Mnaopinga, nawasikia

Wa kwanza atasema: jeshi ni la kulinda nchi, si la kushinda ligi. Kila nafasi ya winga ni nafasi aliyonyimwa kijana mwingine mwenye gredi bora. Ni kweli, na ndio maana nataka idadi. Zikiwa nafasi chache, zimetajwa, tunaweza kukubaliana kama taifa kwamba zinafaa. Zikiwa hazijulikani, kila aliyekosa ataamini nafasi yake ilichukuliwa na "mchezaji" ambaye hata mpira hajui.

Wa pili atasema: mambo ya jeshi ni siri, huwezi kuweka kila kitu hadharani. Siri ya nini hapa? Silaha ni siri. Mipango ya vita ni siri. Beki wa kushoto si siri, tunamwona kwenye televisheni.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi, na mara nyingi ni mama. Anasema: mnawadanganya watoto wetu kwa mpira halafu mnawapa bunduki. Na hapa, wadau, lazima tuwe wakweli. Sare si jezi. Jezi unaivua dakika ya tisini. Anayeingia kupitia michezo anakula kiapo kilekile, na akipewa amri anakwenda kama mwenzake asiyejua hata kupiga danadana. KDF waliingia Somalia Oktoba 2011. Januari 2016 tukazika vijana wa El Adde. Kwa hivyo kama kinachokuvuta ni mpira peke yake, tafadhali kaa chini ufikirie upya. Nenda kajaribu Bandari, nenda timu za kampuni, nenda popote. Jeshini nenda kama uko tayari kuwa mwanajeshi anayecheza, usiende ukidhani utakuwa mchezaji aliyevaa magwanda. Na mtafuta vipaji yeyote anayemsajili kijana bila kumwambia hayo, mbele ya mzazi wake, amemkosea.

Mimi naomba vitu vitatu tu

Moja: kila tangazo la usajili wa KDF, Polisi na Magereza liwe na sehemu ya michezo. Mchezo gani, nafasi ngapi za wanaume na za wanawake, majaribio wapi na lini, na kama gredi ni ileile au imelegezwa. Baada ya majaribio matokeo yatolewe, kama vile wanavyotoa majina ya kadeti walioitwa.

Mbili: majaribio yaje Pwani, na maji yahesabiwe. Wanamaji wana bahari, wana kambi, wana wakufunzi. Siku moja ya kuogelea Mombasa, nyingine Lamu, nyingine Kwale. Wasimpendelee mtu, wapime tu kitu ambacho baharia atakihitaji kweli. Kijana wa Turkana akija akaogelea kumshinda wa Mji wa Kale, mpeni nafasi yake, tutampigia makofi.

Tatu: kuwe na daraja kati ya Eldoret na Lanet kwa mwanamichezo mwenye kichwa. Kijana aliyepata C+ huku akichezea shule yake kila wikendi si mjinga. Mpeni mwaka mmoja wa masomo, mtahini upya, akifikia kiwango aingie uafisa, akishindwa abaki askari. Wamarekani wanafanya hivyo na dunia haijaanguka. Bila daraja hilo, tutaendelea kuwa nchi inayochukua miguu ya watoto wa maskini na kuwaachia uafisa watoto waliolipiwa twisheni.

Na wewe unayesubiri

Serikali haitasoma posti hii kesho asubuhi, najua. Kwa hivyo haya ni ya kwako wewe unayesukuma mkokoteni na ndoto.

Kitambulisho na cheti chako cha KCSE viwe mkononi sasa hivi, visiwe "viko kwa shule". Vimeshawatoa watu wengi kwenye mstari kabla hawajakimbia hata hatua moja. Kama hukufikisha gredi na unaweza kurudia mtihani, rudia, miaka 26 haisubiri mtu. Mechi zako zirekodiwe, hata kwa simu, zikiwa na tarehe na jina la mashindano. Mimi mwenyewe niko tayari kuja na kamera, niandikie. Cheza mashindano yaliyosajiliwa, manake goli la mtaani ni tamu lakini hakuna daftari linaloliandika. Jifunze kuogelea vizuri, kwa mtindo unaopimika, isiwe kuruka ukutani tu.

Na mtu akikuitisha pesa kwa sababu ya kipaji chako, kata simu. Fikiria kidogo tu: timu inayokutaka kweli ndiyo inayokulipa. Toka lini mchezaji akajinunua mwenyewe?

Kwenye komenti hapo chini, nitajie mchezo wako na mtaa wako. Usiandike jina la mtu "unayejuana naye". Naikusanya hiyo orodha, nitaipeleka kwa mwakilishi wetu wa wadi na kwa ofisi ya michezo ya kaunti, na nitarekodi siku nitakayoipeleka. Wakituuliza vipaji vya Pwani viko wapi, tuwape karatasi yenye mitaa, michezo na idadi. Wao nao watuandikie yao.